Lori la Nyumbani na Lori la Msaada

Siku ya kwanza niliyoripoti kazini, Foremani hakunipa spana. Alinipa tambara, akanionyesha lori lililosimama juu ya shimo la gereji, akaniambia niingie chini yake nihesabu sehemu zote zinazotiwa grisi. Niliingia, nikahesabu, nikatoka nikasema ni kumi na nne. Foremani, Kalasinga mmoja mzee mwenye kilemba cheupe na mikono myeusi kwa oili, hata hakuniangalia. "Rudi chini," alisema. Nilirudi mara tatu. Jioni, nilipozitaja zote pamoja na ile iliyojificha nyuma ya shafti, alinirushia ovaroli. "Kesho njoo ufanye kazi," akasema.

Hapo ni Bukoba, miaka michache baada ya Uhuru, mkoa wetu ukiitwa bado Ziwa Magharibi. Nilikuwa nimetoka kwetu Buganguzi, nimesoma Kashozi, na Kiswahili changu kilikuwa cha darasani. Gerejini nilikuta Kiswahili kingine, cha klachi, difu, kabureta na springi, na nilikijua hicho kabla sijajua kuomba chai vizuri. Shirika lililoniajiri lilikuwa la umma, la kusafirisha mazao ya wakulima. Sitalitaja jina. Halipo tena, na wengi waliofanya kazi pale walikuwa watu waaminifu.

Naandika haya kwa sababu ya swali ambalo vijana wananiuliza wakisikia nilikuwa fundi wa malori enzi za ujamaa. Wanataka kujua kama ni kweli magari yaliyounganishwa hapa nchini yalikuwa mabovu, na ya nje ndiyo yalikuwa magari. Wanauliza wakicheka, maana jibu wanadhani wanalo tayari. La kwangu ni refu, na sikulitoa siku lilipohitajika.

Mwanzoni magari yote yalikuwa ya ng'ambo. Yalifika kwa meli kutoka Mwanza, yakashushwa gatini, na pamoja na kila lori lilikuja kasha la spea na kitabu cha matunzo. Foremani alikifuata kitabu hicho neno kwa neno. Siku ya kubadilisha oili ikifika, oili ilibadilishwa, hata kama dereva analia kwamba ana safari ya Biharamulo. Springi, yaani yale mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine kubeba uzito wa gari, zilioshwa na kupakwa grisi kila mwezi. Mjini watu walisema gari la Mzungu halifi. Halikufa kwa sababu mzee yule alilala chini yake kila wiki. Hilo wasafiri hawakuliona, na hata sisi mafundi tulilisahau mapema alipoondoka. Aliondoka baada ya Azimio, akapanda meli na sanduku moja. Nilimsindikiza. Aliniachia seti yake ya spana, akaniambia tu nisikubali mtu aninyang'anye kitabu.

Kisha yakaja malori yetu.

Ninyi hamwezi kujua ilikuwaje. Redio ilikuwa imetueleza kwamba taifa litaunda vitu vyake, na sisi tulisikiliza kama tunavyosikiliza habari za mvua. Siku lori la kwanza la kuunganishwa nchini lilipoteremshwa gatini Bukoba, la kijani, la tani saba, watu walikuja kuligusa. Dereva aliyepewa funguo alikuwa Swedi, mzaliwa wa Bilele, mtaa wa hapo mjini. Babu yake alitoka pwani zamani za biashara, akaoa hapa, na Swedi alikuwa Mwislamu wa mji aliyeongea Kihaya kama sisi na Kiswahili kutuzidi. Alilizunguka lori lile mara mbili, kisha akaliegemea kwa mgongo.

"Fundi," aliniambia, "hili limezaliwa kwetu. Hili ni mwenyeji."

"Ngoja nilifungue kwanza," nikamjibu.

Nililifungua. Nataka mjue ukweli wa nilichokiona, maana watu wameongeza chumvi pande zote mbili. Rangi ilikuwa nyembamba, na milango haikukaa vizuri. Waya za taa zilipitishwa mahali ambapo zingesuguana na chesisi hadi ziungue. Bolti nyingi zilikazwa nusu, kama mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. Lakini chini mambo yalikuwa mengine. Springi zilikuwa nene kuliko za lori lolote la nje tulilokuwa nalo. Tumbo la gari lilikaa juu, mbali na mawe. Mtu aliyeamua hivyo alizijua barabara zetu. Mimi na Swedi tulikaa nalo siku sita. Tulikaza bolti moja baada ya nyingine, tukahamisha waya, tukanyoosha milango. Siku ya saba aliandika kwa rangi nyeupe juu ya kioo cha mbele: MWENYEJI.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Muleba, kituo kipya, niwe fundi mkuu wa karakana ndogo yenye shimo moja na paa la bati. Swedi alikuja na Mwenyeji. Kazi yetu ilikuwa kuteremsha kahawa kutoka Buganguzi na vilima vya jirani hadi Bukoba. Masika, malori ya nje ya umri uleule yalivunja springi kwenye matope, yakalala njiani wiki nzima. Mwenyeji lilipita. Liliguna, lilitoa moshi, milango ilipiga kelele, lakini lilipita. Wakulima walizoea sauti yake. Wakiisikia inapanda kilima, wanawake walitoka vibanjani, kwenye mashamba yao ya migomba, na mikungu ya ndizi kuomba lifti, na Swedi hakuwa mtu wa kumwacha mama barabarani. Kama mngeniuliza wakati ule lipi ni gari imara, ningewajibu bila kufikiri.

Kilichotuua ni spea. Lori lilikuwa letu kwa bodi, kwa springi, kwa bolti na rangi. Injini, gia boksi na breki zilitoka ng'ambo ndani ya makasha, na makasha yalihitaji pesa za kigeni. Pesa za kigeni zilipoadimika, makasha yakakoma. Vita vya mpakani vilipokwisha, hali ikawa mbaya kuliko nilivyowahi kuona. Nilikata raba kutoka kwenye ndara za zamani. Nilichemsha plagi, nikashona mikanda ya feni kwa nyuzi za katani. Tulianza kuvua gari moja ili kulivalisha jingine, na fundi akishaanza hivyo, kazi yake imegeuka kuchagua nani afe.

Katika hali hiyo tukaletewa lori la msaada. Lilitoka Ulaya, jeupe, zuri, lenye bendera ya waliolitoa imechorwa mlangoni. Lilikuwa na redio. Baada ya miezi minane tu, barabara ya Buganguzi ilikuwa imelivunja springi mbili, na vumbi lilikuwa limeingia kwenye breki zake, maana mpira wa kuzuia vumbi ulikuwa wa barabara za lami.

Hapa nieleze kidogo. Masta silinda ni bomba fupi la chuma lililo mbele ya pedeli ya breki. Ndani yake mna raba ndogo zenye umbo la kikombe. Dereva akikanyaga, raba hizo husukuma oili hadi kwenye magurudumu, na gari husimama. Raba zikilika, oili hurudi nyuma badala ya kwenda mbele, na mguu wa dereva huzama hadi sakafuni. Ubaya wake ni kwamba gari likiwa limepoa, uwanjani, raba iliyochakaa inaweza kushika. Inakuacha ukiwa na mzigo, kwenye mteremko, oili ikishapata moto.

Msimamizi wa Kituo, bosi wangu pale Muleba, alikuja karakanani asubuhi moja akiwa na barua. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, na alikuwa na cheo. Wafadhili walikuwa wanakuja Bukoba kuliona lori lao.

"Kesho kutwa liwe gatini, limepakia kahawa," alisema. "Wanataka kulipiga picha."

"Mzee, halina breki. Raba za masta silinda zimekwisha."

"Weka nyingine."

"Hakuna. Mkoa mzima hakuna."

Alitazama uwanjani, Mwenyeji lilipokuwa limeegeshwa. "Na lile?"

Malori yale mawili yalitumia masta silinda ya namna moja. Alijua, maana mimi ndiye niliyemwambia siku za nyuma, kwa kujionyesha.

"Nikitoa za lile, lile haliendi popote," nikasema.

"Lisiende. Nani anakuja kulipiga picha lile?"

Nilizitoa. Mikono hii. Nilizitoa raba nzima za Mwenyeji, nilizokuwa nimezitunza kama mboni ya jicho, nikazitia kwenye lori la msaada. Zile zilizokufa za lori la msaada nikazitia ndani ya Mwenyeji, ili tundu lisikae wazi likaingia mchanga na tuweze kulisogeza uwanjani. Nikachukua kipande cha boksi, nikaandika HALIENDI, nikakifunga kwenye usukani kwa waya. Swedi siku hiyo alikuwa mazikoni Bukoba, kwa shangazi yake. Nilijua angekuja kesho yake, mimi nikiwa nimeondoka. Ningeweza kumwachia ujumbe kwa mtu. Nilidhani kile kipande cha boksi kinatosha.

Nilikwenda Bukoba na lori la msaada. Lilisimama gatini, likapigwa picha, na breki zake zilishika vizuri.

Siku hiyohiyo mawingu yalifunga juu ya Buganguzi. Kahawa ilikuwa nje, kwenye magunia, haina paa. Karani wa uzani ndiye aliyenisimulia baadaye, maana alikuwapo uwanjani. Swedi alifika, akakuta Msimamizi ameshakiondoa kile kipande cha boksi.

"Nenda Buganguzi haraka," Msimamizi alimwambia. "Mvua inakuja."

"Fundi amelifungua hili," Swedi alisema. "Naona alama za spana kwenye masta silinda."

"Amelitengeneza. Nakwambia mimi."

Swedi alipanda, akakanyaga breki mara tatu. Pedeli ilikaa juu. Gari lilikuwa limepoa. Alimwamini Msimamizi, na zaidi ya Msimamizi aliniamini mimi. Alijua sikuwahi kufunga breki yake vibaya.

Kule Buganguzi alipakia magunia yote. Juu ya magunia walipanda watu wanne, wote wa Buganguzi, waliokuwa wanakwenda Muleba. Mmoja alikuwa Ma Paskazia, jirani yetu, ambaye kibanja chake kinapakana na cha baba yangu. Alikuwa na mkungu wa ndizi na kuku wawili. Kwenye mteremko mrefu wa kushukia barabara kuu, breki ziliachia. Waliopona walisema walimsikia Swedi akipiga honi bila kukoma na kupiga kelele, "Rukeni! Rukeni!" Chini ya mteremko, siku ya gulio, barabara ilijaa watu. Aliligongesha lori kwenye ukingo wa kilima kwa makusudi, upande wake mwenyewe. Watatu waliruka. Ma Paskazia alikuwa mtu mzima, hakuweza. Yeye na Swedi walifia pale.

Niliporudi, niliteremka hadi kwenye lile lori. Nililala chini yake nikaona oili ya breki imetiririka mahali ninapopajua. Mvua ilikuwa inanyesha. Sikutoka chini pale mpaka watu waliponivuta miguu, wakidhani nimezirai.

Tume iliundwa. Kabla haijafika, Msimamizi alinikuta karakanani. Macho yalimwiva, na naamini alikuwa hapati usingizi.

"Watatuuliza," alisema.

"Nitasema ulivyoniagiza."

"Sema. Lakini nani alizitoa? Nani alitia mbovu ndani? Mimi sijui hata spana inashikwaje. Una watoto wanne, Laurian. Na mimi nina sita."

Mwenyekiti wa Tume alikuwa Mhandisi wa Kanda kutoka Mwanza, kijana msomi, suti ya Kaunda, kalamu mbili mfukoni. Naye alikuwa na haraka. Masta silinda ilikuwa mezani mbele yake, ndani ya gazeti. Aliichukua, akaigeuza, akaiona raba iliyolika. Nilidhani ataniuliza imefikaje pale. Kama angeniuliza, nafikiri ningesema. Mpaka leo najiambia ningesema.

"Fundi," aliniuliza, "wewe umefanya kazi na magari ya aina zote. Ukilinganisha haya yanayounganishwa nchini na yale ya kutoka nje, yapi ni imara zaidi?"

Msimamizi alikuwa anatazama sakafu.

"Ya nje," nikasema.

"Na hili lilipofika, ulikuta kasoro?"

"Bolti zilikuwa hazijakazwa. Waya zilikuwa zimepitishwa vibaya. Milango haikufunga."

Kila neno lilikuwa kweli. Aliandika, akapindua karatasi, akanishukuru. Ripoti ilisema ajali ilitokana na ubora duni wa uunganishaji, na kwamba malori ya aina hiyo yasibebe tena mizigo kwenye miteremko ya mkoa wetu.

Nilikwenda Bilele kumpa pole mjane wa Swedi, Bi Zuhura. Alikuwa ukumbini, amejifunika kanga nyeupe ya eda, na wanawake wenzake kando yake. Alisubiri niketi.

"Fundi, nieleze wewe, maana mtaani wanasema mengi. Mume wangu alikuwa anaendesha kizembe?"

"Hapana, Bi Zuhura. Hakuna dereva aliyempita."

"Basi ni gari?"

"Ni gari," nikasema. "Lilikuwa bovu."

Alitikisa kichwa taratibu. "Na alivyolipenda," akasema. "Ijumaa alikuwa analiosha kabla hajaenda msikitini."

Malori yetu ya kijani yalikuwa saba mkoani. Yaliyokuwa Bukoba yaliegeshwa nyuma ya bohari, na sisi wenyewe tukaagizwa kuyavua. Mimi ndiye niliyesimamia, maana nilirudishwa Bukoba na kupandishwa cheo kuwa Foremani. Nilikaa katika kiti cha mzee Kalasinga na kukata vipande magari ambayo hayakuwa na kosa. Ndani ya mojawapo, nyuma ya kiti, nilikuta jina la fundi wa kiwandani limeandikwa kwa chaki, na chini yake: *safari njema*. Lori la msaada halikumaliza mwaka. Lilipovunja ekseli waliahidi nyingine itakuja kwa ndege. Haikuja.

Watu wakaanza kusema "ni la hapahapa" wakimaanisha kitu kibovu. Nilisikia dukani, nilisikia kanisani. Sisemi nchi nzima iliharibika kwa sababu ya jibu langu. Mimi ni mtu mdogo, na viwanda vilikuwa na magonjwa mengine mengi. Lakini kwetu, kati ya Bukoba na Muleba, watu walipata sababu ya kukata tamaa na kazi ya mikono yao, na sababu hiyo niliwapa mimi. Nilifanya kazi miaka mingine mingi. Nilifunga breki maelfu. Hakuna hata moja niliyoifunga bila kuifungua tena kuhakikisha, na wenzangu walinisifu kwa uangalifu.

Nilipostaafu nilirudi Buganguzi, kwenye kibanja cha baba. Msimamizi alikuwa ameshafariki. Bi Zuhura alikuwa amehamia kwa ndugu zake Tanga, na barua yangu ilirudi. Nilikwenda Bukoba kuomba ripoti ile irekebishwe. Binti wa ofisini alinisikiliza kwa heshima hadi mwisho. Kisha akasema, "Babu, shirika hilo lilifutwa. Mafaili yake hatunayo. Unataka tumweleze nani?"

Akabaki mtu mmoja, Adventina, bintiye Ma Paskazia. Sasa ni bibi, ana wajukuu. Tunakaa benchi moja kanisani tangu nirudi, na kibanja chake bado kinapakana na changu. Nilimngoja baada ya misa, tukatembea pamoja kuelekea nyumbani. Nilimweleza yote, raba, kipande cha boksi, swali la Mhandisi, jibu langu. Nilieleza kwa Kihaya, ili pasiwe na neno la kujificha nyuma yake. Tulipofika penye njia yake alisimama, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Ta Laurian," aliniambia, akiniita kwa heshima ya wazee wetu, "umezeeka na unajitesa bure. Hukumuua mama. Magari ya hapa ndivyo yalivyokuwa, kila mtu anajua."

Nilimwambia hapana, sikiliza, lile lilikuwa zima, mimi ndiye. Alinipigapiga mkono kama mtu anavyombembeleza mtoto mwenye homa.

"Waitu, mzee wangu, yaache," akasema. "Wewe mwenyewe ulisema kwenye tume. Mjomba wangu alikuwapo siku ile, na ripoti yenyewe alitusomea."

Akaingia kwenye migomba. Muda si mrefu alimtuma mjukuu wake aniletee ndizi, maana alisema nimekonda.